Kwa Nini Mashine Kubwa Hulipokea Neno TENGA

Kulikuwa na wakati ambapo mashine hazikuwa na adabu. Ukiipa mashine kubwa neno isilolijua, haikuuliza wala haikukuvumilia. Ilikurudishia kazi yako nzima bila kuigusa, kama mama mkwe aliyeletewa mboga isiyo na chumvi, kisha ikakaa kimya ikisubiri uone aibu.

Nyinyi mlioanza kazi juzi hapa Jumba la Mashine hamkuyaona hayo, ndiyo maana mmeuliza, tena kwa sauti ya mtu aliyekuta utando wa buibui kwenye sebule ya jirani: hili neno TENGA ni la nini? Kila kazi inaanza nalo, kila mtu analiandika, na mashine hailifanyii kazi yoyote. Si kosa kuuliza. Wekeni chini basi hivyo vikombe, maana chai na mashine havijawahi kupatana, msikilize lilikotoka.

Zama hizo, pale Itamba chini ya milima, Ghala Kuu la Mbegu lilikuwa na mashine yake ya kwanza. Wafanyakazi waliiita Kongwe hata ilipokuwa bado mpya, kwa sababu ilikohoa. Kazi yake kubwa ilikuwa moja: kabla mvua hazijanyesha, ipige hesabu ya kila kituo cha mbegu, kipewe magunia mangapi, ya mahindi au ya maharage, na lori lipi liyabebe. Maagizo yote ilipewa kwa kadi ngumu zilizotobolewa matundu, kadi nyuma ya kadi, boksi juu ya boksi. Wino haikuujua. Ilisoma matundu tu.

Kongwe ilikuwa na njia mbili za kuzifikia kanda zake, yale magurudumu ya utepe yanayotunza kumbukumbu. Kanda inayosomwa na kanda inayoandikwa zikipita njia moja, zilizuiana, na kazi ya asubuhi ikaisha kesho yake. Dawa ilikuwa kadi moja yenye neno TENGA, iliyotangulia kanda hizo: yaani hizi mbili, kila moja ipewe njia yake. Ikawa desturi ya Jumba. Ili jicho lisilipite neno hilo, likapigwa kwenye kadi za pinki, na kadi nyingine zote zikawa nyeupe. Mtu aliyefungua boksi asione pinki alijua kazi hiyo itakwama, akairudisha kwa mwenyewe kabla haijaleta balaa.

Aliyesimamia hayo yote alikuwa Bi Kokubanza, Mkuu wa Jumba, mwanamke mrefu wa maneno machache, isipokuwa akikasirika. Hapo alikuwa nayo ya kugawa. Alizaliwa hukohuko milimani, kijiji cha Nyabihanga, ambako vuli hufika kwa siku moja, na asiye na mbegu siku hiyo amekosa mwaka mzima. Alipokuwa msichana aliuona mwaka wa namna hiyo kwao. Hakupenda kuusimulia. Lakini kila msimu, ni mpaka lori la mwisho lipande milima ndipo alipokula chakula akasikia ladha yake.

Basi ikaletwa mashine mpya. Ilikuwa kubwa, ya kijivu, yenye njia nyingi, na haikukohoa hata kidogo. Pamoja nayo alikuja fundi wa programu zake, Bwana Tuntufye, kijana nadhifu, hodari kwelikweli, ambaye kitu asichokipenda duniani ni kitu kisicho na kazi. Mezani kwake hapakuwa na kalamu ya ziada. Aliifundisha mashine yake kila neno lililokuwa na maana, na kwa yale mengine yote akaifundisha jibu moja: NENO HALIJULIKANI. Alijivunia jambo hilo. Alisema mashine isiyovumilia upuuzi haitaleta upuuzi.

Kongwe ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa, ikaondoka. Wapo waliolia, msicheke. Siku iliyofuata wakaileta kazi kubwa ya mwaka, mgao wa mbegu za vuli, maboksi yamepangwa ukuta mzima. Bi Kokubanza alivaa kandambili zake za Jumbani, maana viatu vya nje vilikatazwa kwa ajili ya vumbi, akaweka boksi la kwanza kwa mkono wake. Mashine ikasoma kadi moja, ikasoma ya pili, ikasimama. NENO HALIJULIKANI. Boksi la pili, vilevile. La tatu, vilevile. Mpaka saa ya chai ukumbi ulikuwa umejaa maboksi yaliyokataliwa, na hakuna gunia hata moja la mbegu lililopata pa kwenda.

Tuntufye hakuona tabu yoyote. Neno hilo lilikuwa la Kongwe, na Kongwe haipo. Mashine mpya huchagua yenyewe njia za kanda bila kuambiwa. Basi litolewe. Na kulitoa ni rahisi, si liko kwenye kadi za pinki? Mkurugenzi wa Ghala, Bwana Rwezahura, mtu mwenye haraka siku zote, akasema vizuri sana, zitolewe pinki zote, leo hii.

Zikatolewa. Ukumbi mzima uliifanya kazi hiyo kwa furaha, kwa sababu haikuhitaji kufikiri. Walichomoa pinki, wakazifunga kwa mpira, wakazilaza pembeni ndani ya boksi lilelile, kwa kuwa Bi Kokubanza hakuruhusu kadi kutupwa hata kama imechanika. Na mashine ikazipokea kazi zote, boksi kwa boksi, bila kinyongo. Printa ikatapika karatasi ndefu ya mgao, safi, hesabu zimekubaliana. Mkurugenzi aliipeperusha karatasi hiyo uani akaamuru upakiaji uanze. Malori yakasogezwa mlango wa ghala, na wapakizi wakaanza kuimba.

Bi Kokubanza alikuwa na tabia ya kuusoma mgao akiwa amesimama, kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu vituo vya milimani vilikuwa mwisho wa karatasi na yeye alianzia kwao. Alitafuta Nyabihanga. Hakuiona. Akatafuta Rwenkende, akatafuta vituo vyote vya ukanda wa juu kimoja baada ya kingine, akafika katikati ya karatasi kwenye vituo vya bondeni, akakuta huko mbegu zimerundikwa mpaka zimezidi. Karatasi haikuwa na kosa lolote la hesabu. Ilikuwa imesahau tu kwamba milima ipo.

Alikaa chini sakafuni, na kukaa kwake ndiko kulikomkumbusha. Kulikuwa na msimu mmoja ambapo kadi nyeupe ziliadimika nchi nzima. Watoboaji walikuwa wamebakiza vituo vya milimani tu, na kabati lilikuwa na pinki tele. Yeye mwenyewe alisema pigeni kwenye pinki, Kongwe husoma matundu, haisomi rangi. Na ilikuwa kweli. Tangu msimu huo vituo vya milimani vilikaa kwenye kadi za pinki, vikisomwa kila mwaka bila matatizo, mpaka leo mikono ya wanaadamu iliposoma rangi badala ya matundu.

Alitoka mbio na kandambili zake, jambo ambalo hajawahi kulifanya mtu mwingine yeyote wa Jumba lile. Lori la kwanza lilikuwa limeshawasha injini. Akasimama mbele yake, mikono ameinyoosha.

"Mama, utagongwa!" dereva alipiga kelele.

"Nigonge basi, lakini ukinipita umeondoka na mbegu za wenzio!"

Dereva akazima injini. Mkurugenzi akaja juu, shati limemtoka suruali, akiuliza kama watu wa Jumba wamerukwa na akili. Bi Kokubanza akamweka ile karatasi mkononi. "Nionyeshe Nyabihanga, Bwana Mkurugenzi. Nionyeshe kituo chochote cha milimani." Bwana Rwezahura alisoma, akasoma tena, na haraka yake yote ikamwisha. Juu ya milima mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, meusi kwa chini, yale ambayo hata mtoto wa Itamba anajua maana yake.

Wakarudi ndani wakiwa na neno moja tu la kulijua: mbegu za milimani zitafika kabla ya mvua, au hazitafika? Kurudisha kadi mahali pake hakukuwa kugumu. Kila boksi lilikuwa limechorwa mstari wa kalamu ya wino mzito juu ya kadi zake, kutoka kona hadi kona, na kadi ikirudi mahali pake mstari unaungana. Lakini mstari haukusema kadi ipi ni kituo na ipi ni TENGA. Zote zilikuwa pinki, zote hazina maandishi, na kuzichambua ni kuyasoma matundu kadi kwa kadi, boksi kwa boksi, kwa macho. Mvua isingengoja. Bi Kokubanza alijua hivyo kwa tumbo lake.

Akawaambia wafanyakazi wazirudishe pinki zote, TENGA na vituo, kila kadi kwenye mstari wake. Kisha akaagiza Tuntufye aitwe.

Alikuja amekunja uso, maana alikwisha kuusikia mpango huo njiani. Hata hivyo alikuwa kijana aliyelelewa. Alisimama mlangoni, akavua viatu, akasema, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba," akajibu Bi Kokubanza, akimtazama kana kwamba amemletea kitu mkononi.

"Mama, niruhusu niseme bila kuficha," alisema Tuntufye. "Neno hilo halina kazi. Kuiambia mashine yangu TENGA ni kumkumbusha mtu mzima kupumua. Nikiiacha ipokee neno lisilo na kazi, kesho itapokea uchafu wowote. Sikuijenga hivyo."

"Umeniamkia sasa hivi."

"Ndiyo, Mama."

"Umesema unanishika miguu. Umenishika?"

Tuntufye akaitazama ile miguu ndani ya kandambili, iliyojaa vumbi la uani. "Hapana, Mama. Hiyo ni salamu tu."

"Salamu tu. Kwa hiyo umeniambia neno ambalo hukulifanya, na mimi sikukutegemea ulifanye. Mbona sikukujibu NENO HALIJULIKANI, nikakurudisha barabarani na viatu vyako mkononi? Nimekujibu marahaba, tukaendelea na kilichotuleta. Siiombi mashine yako ilitii neno hili, Tuntufye. Naiomba ilipokee, iendelee."

Kijana akazitazama kadi ndani ya boksi lililokuwa karibu naye.

"Na kadi hizi zina wenyewe," Bi Kokubanza aliendelea, na sasa maneno yalikuwa yamekuja, ya kugawa. "Wengine wamestaafu, wengine tumewazika. Walizipiga sawasawa kwa mashine iliyokuwepo, na watu wakala. Hawa ndio wenyeji hapa. Mashine yako imeingia wiki hii, bado ina plastiki kwenye vitufe, na imeanza kuwafukuza wenyeji ndani ya nyumba yao!"

"Na neno jingine la ovyo likija?"

"La ovyo lirudishe, tena kwa matusi ukitaka. Hili si la ovyo. Hili limezeeka tu."

Ndipo Tuntufye akacheka. Hakucheka kwa kushindwa. Alicheka kama fundi anavyocheka anapoiona kazi, na kuiona kwamba inawezekana, na kwamba atakuwa yeye wa kwanza kuifanya. Aliomba meza, akaomba asisemeshwe. Mchana wote aliinama juu ya kazi yake, akitafuta ndani ya programu za mashine mahali pale ilipofundishwa kukataa, apate kuiwekea mlango mdogo wa neno moja. Nje mawingu yaliteremka mpaka katikati ya milima. Wanawake watoboaji wa kadi waliunganisha mistari, na hakuna aliyekwenda kula. Bi Kokubanza alipita baina ya maboksi akiwa na hofu tupu, hofu ile ya msichana wa Nyabihanga, na hakujaribu kuificha. Mara mbili alikaribia kumwuliza Tuntufye amefika wapi, na mara mbili akajiziba mdomo.

Jua likiwa bado limebaki kidogo, Tuntufye alinyanyua kichwa. "Mama, weka boksi."

Akaliweka. Mashine ikasoma kadi ya kwanza. Ikafika kwenye pinki. Ukumbi mzima ulisikia printa ikisita, kisha ikapiga neno moja pembeni mwa karatasi, na Bi Kokubanza akainama kulisoma, akaogopa kulisoma, akalisoma kwa sauti:

"MARAHABA."

Sijui ni nani aliyeanza. Katika ukumbi ule watu walikuwa wakinong'ona miaka yote kwa kuiheshimu mashine, na hapo vikapigwa vigelegele vilivyosikika mpaka ghalani. Tuntufye alikuwa amelitia neno hilo kwa utundu wake mwenyewe, bila kuagizwa na mtu, na sasa alisimama anacheka mpaka machozi huku wanawake wa kadi wakimvuta shati. Mkurugenzi alikuja mbio akiuliza anaolewa nani. Wala mashine haikusubiri sherehe. Ilikwenda boksi kwa boksi, kila pinki ya TENGA ikaipa jibu lake, MARAHABA, MARAHABA, na kila pinki ya kituo ikaisoma kama kituo, kwa kuwa matundu ni matundu. Mwisho wa karatasi ukatoka. Nyabihanga. Rwenkende. Milima yote ilikuwa imerudi, kila kijiji na magunia yake.

Wapakizi waliyapakua malori wakayapakia upya, na hakuna aliyelalamika, maana habari ilikwisha kuwafikia nao walikuwa wakiimba MARAHABA badala ya wimbo wao. Asubuhi malori yalipanda kwa mkururo. Bi Kokubanza hakuweza kubaki. Aliingia kwenye lori la mwisho, karibu na yule dereva aliyemsimamisha jana, na njia nzima alitoa kichwa dirishani kuangalia juu. Walifika Nyabihanga, magunia yakashushwa, yakafunguliwa, kila nyumba ikabeba sehemu yake. Watu walikuwa tayari shambani na majembe wakati tone la kwanza lilipoanguka. Kisha ikaja, yote kwa pamoja, kama inavyokuja huko. Yule mama mkubwa wa Jumba la Mashine alisimama katikati ya shamba la ndugu zake akalowa chepechepe, akilia na kucheka, akimwambia kila aliyepita: "Zimefika! Zimefika kabla yake!" Mwaka ule milimani walivuna mpaka wakakosa pa kuweka.

Na tangu siku hiyo neno TENGA likawa na makao yake. Kanda zilikwisha zamani, hakuna tena njia mbili wala hata moja ya kuzuiana. Kadi nazo zilikwisha, za pinki na nyeupe. Lakini kazi zilizoandikwa na waliotangulia zinaendelea kufanya kazi, neno kwa neno kama walivyoziacha, na hakuna msimu ambao milima imesahauliwa kwa sababu ya mkono wa mtu mwenye haraka ya kusafisha. Wanaoandika kazi mpya nao huanza na TENGA, kama mtu anavyoanza na shikamoo. Mashine husoma, hujibu, huendelea. Tuntufye, ambaye leo ndiye Mkuu wa Jumba, ndiye mkali kuliko wote juu ya jambo hili. Jaribuni kulifuta muone.

Na mashine mpya ikiletwa, haikabidhiwi kazi yoyote kabla haijapimwa. Bi Kokubanza, aliyestaafu akarudi kwao Nyabihanga, hutumiwa gari. Huja na kitenge chake kizuri, huvua viatu mlangoni, na yeye mwenyewe huliandika lile neno. Mashine ya kwanza kupimwa hivyo ililikataa, ikarudishwa kwa mafundi wake na maboksi yake yote, wakaenda kuifunza upya. Hii ya sasa, ambayo mnaisikia ikivuma nyuma ya ukuta, ililetwa mwaka jana. Watu wote wa Jumba walisimama kuizunguka. Bi Kokubanza akaandika TENGA kwa kidole kimoja, polepole, kwa sababu macho yamechoka. MARAHABA ikatokea kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe.

Akageuka, mikono kiunoni, akawatazama wote.

"Haya," akasema. "Ipeni kazi. Hii ni yetu."